Ufa Nilioung'arisha

Nyasura, Bunda
Jumapili, jua linazama

Magesa, baba,

Barua huanza kwa "mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali." Wewe hujawa mbali bado. Umeenda kuaga kwa shangazi yako kwa safari ya kesho ya kuanza kazi Musoma, na utarudi kabla ugali haujapoa. Na mimi leo si mzima. Kwa hiyo salamu tuziruke. Naandika haraka, maana najijua: nikikuona unaingia mlangoni nitaikunja karatasi hii na kuitia jikoni, kama nilivyozitia mbili za kwanza.

Juzi uliniuliza swali, nikainuka kwenda kuangalia sufuria. Sufuria ilikuwa tupu, na wewe uliona kuwa ni tupu. Ulikuwa umesema, "Mama, kwani wewe hujawahi kupitishaga chuma kibovu?" Uliuliza kwa hasira, tena kwa kejeli kidogo, kama mtu anayejua jibu ni hapana. Jibu ni ndiyo. Nilipitisha kimoja, na mtu akakatwa mkono.

Basi, nimeshaandika. Ningekuwa na penseli ningefuta.

Habari za kula vizuri, kwenda kanisani na kutovaa nguo mbichi, hizo shangazi yako anakumwagia sasa hivi, naye ana pumzi kuliko mimi. Una miaka ishirini na miwili, soksi zako unazijua mwenyewe. Mimi nina jambo hili moja tu, na nimelibeba tangu ukiwa darasa la kwanza.

Mwaka ule nchi haikuwa na kitu. Sabuni ilikuwa hadithi, sukari ilikuwa hadithi, na spea ya injini ndiyo ilikuwa hadithi kubwa kuliko zote. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kazi yake nyingi ilikuwa kusimama mbele ya mashine zilizokufa akiwa ameshika spana. Siku moja akaja na pistoni iliyochakaa, ameifunga ndani ya shati. Akaiweka juu ya kitambaa changu cha kufuma. Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia.

"Mama Magesa, mpya haipo," akasema. "Hii hii tuirudishe ujana."

"Kwa msasa upi? Dukani kuna chumvi tu, na yenyewe ina mawe."

Ndipo nikakumbuka ule mti wa mtoni kwetu, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ule ndio msasa wenyewe, kabla msasa wa karatasi haujazaliwa. Bibi zangu walisugulia vibuyu na mipini ya majembe. Baba yako alicheka. Nikaenda nikachuma kapu zima, nikayalowesha, nikaisugua ile pistoni kutwa. Halafu nikachukua jivu la magunzi, nikalichekecha kwa kanga kuukuu, nikalichanganya na mafuta ya taa kidogo sana, maana mafuta yenyewe ndiyo ya kuwashia koroboi. Mwisho nikamalizia na kipande cha blanketi. Jioni baba yako aliishika pistoni ile, akajitazama uso, na hakucheka tena.

Hivyo ndivyo uani kwetu palivyogeuka gereji. Wewe ulikua ukiruka masinia ya valvu ili ufike chooni, ukadhani ndivyo nyumba zote zilivyo.

Kupima nako nilijitungia mwenyewe, na ndiko kulikonipa jina. Pamba haikutupungukia hapa Bunda hata njaa ilipokaza. Nilichomoa uzi mmoja wa pamba mbichi, mwembamba kiasi kwamba ukikohoa unaupoteza, nikauburuta taratibu juu ya chuma. Palipo na mkwaruzo uzi unasita. Palipo na ufa, hata ule ambao jicho halioni, uzi unanasa na kukatika. Ukipita mwanzo hadi mwisho bila kusita, tunasema chuma kimenyamaza. Neno hilo umelikuta nyumbani, unalitumia kama vile ni la kamusi. Nililianzisha mimi.

Watu wakaanza kuja. Mtu wa Buhare alikuja na valvu za lori ndani ya kapu la furu, zikanuka samaki wiki nzima. Kutoka Musoma mjini walikuja mafundi waliosomea, wenye kalamu mfukoni, wakakaa kwenye kigoda changu kumsubiri mwanamke aliyeishia darasa la saba apitishe uzi. Nikisema kimenyamaza, hawakukagua tena. Wanafunga na kwenda. Mwanangu, kichwa kilinivimba. Nilitembea sokoni kama mke wa mkuu wa wilaya. Sikuwahi kumrudishia mtu chuma chake nikamwambia hiki hakifai, na nilianza kuona fahari katika hilo, wakati fundi mwenye akili angeona aibu.

Hapo ndipo walipokuja wanawake watatu kutoka kitongoji kimoja upande wa Butiama, nyuma ya Mwitongo. Walitembea tangu alfajiri. Mmoja alikuwa amebeba konrodi mgongoni, ameifunga kwa kanga kama mtoto. Konrodi unaijua, lakini niache niandike ninavyoielewa mimi. Ni kile chuma kirefu kinachoshika pistoni huku na krenki huku, na kila mlipuko wa injini unapita kwake. Kikikatika hakianguki chini. Kinatafuta pa kutokea.

Mashine yao ya kusaga ilikuwa imelala miezi saba. Wakanionyesha viganja vyao, na vilikuwa vimechubuka hadi nyama nyekundu.

"Mama, sisi tulikuwaga na mashine," akasema mkubwa wao. "Sasa tuna jiwe. Binti yangu ana mimba ya miezi minane, na unga wa kula anausaga mwenyewe."

"Nipeni siku nne. Nendeni mtarudi."

"Turudi wapi? Tutangoja hapa hapa. Kungoja tumezoeaga."

Wakalala jikoni kwangu. Sikuwaomba kazi, lakini walifagia uwanja, walichota maji, walikuogesha hata wewe. Na kila nilipotoka nje na kile chuma mkononi, vichwa vitatu viliinuka kwa pamoja. Hawakuuliza kitu. Ningependa wangeuliza.

Siku ya pili uzi ulikatika. Ilikuwa karibu na tundu la boliti, upande wa chini, mahali ambapo chuma kinabeba uzito wote. Nikachomoa uzi mwingine. Ukakatika palepale. Wa tatu ukakatika. Nikageuza chuma juani nikatafuta, nisione kitu, kisha nikatema mate kidogo, nikafuta, na mate yakabaki kwenye mstari mmoja mwembamba mithili ya unywele.

Nilijua, Magesa. Nataka uelewe hilo kabla sijaendelea, ili usije ukanitafutia kisingizio kama ulivyo na tabia ya kunitafutia. Sikukosea. Nilijua.

Na nilijua pia kwamba konrodi nyingine ya injini ile haikuwepo Bunda, haikuwepo Musoma, na Mwanza wangeambiwa wajaze fomu. Ningetoka nje niwaambie wale kina mama warudi kwenye jiwe. Ningemwambia baba yako kwamba mkono wa mkewe umeshindwa. Basi nikarudi kwenye jivu. Nikasugua siku mbili. Chuma ukikisugua sana kwa kitu laini, ngozi yake inatambaa, inafunika mdomo wa ufa. Ufa wenyewe haujaenda popote. Umezibwa mdomo tu, na huko ndani unaendelea na shughuli zake. Hilo nalo nililijua. Siku ya nne uzi ukapita.

Baba yako akaja kutoka kazini, wale wanawake wamesimama nyuma yake, kanga ya kubebea imeshatandikwa.

"Imenyamaza?" akauliza.

"Imenyamaza."

Neno moja. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na mitano na bado naitembea.

Baba yako alikwenda nao, akaifunga, mashine ikawaka. Baada ya siku chache wakatuletea debe la unga wa mtama na muhogo, shukrani. Tulipika. Mimi nilikula kidogo nikasema tumbo linauma. Wewe ulikula ukaongeza.

Mwendesha mashine aliitwa Wambura. Naam, ni huyo huyo unayemfikiria. Wakati huo alikuwa kijana mwenye mke wa miezi mitatu, na mikono yote miwili. Siku ya kumi alimwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba injini inagonga, aizime mpaka fundi aje. Foleni ya watu wenye mahindi ikapiga kelele. Hawakukubali, na nani angekubali baada ya miezi saba? Siku ya kumi na moja kugonga kukazidi, naye akaamua kuizima kwa lazima. Aliinama afunge dizeli. Konrodi ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini, ikamkuta pale alipoinama. Hospitalini Musoma wakamkata mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Kama angewasikiliza watu na kukaa mbali, angekuwa na mkono wake. Aliupoteza kwa kujaribu kufanya lililo sahihi. Hili ndilo linaloniamsha.

Kisha kikaitishwa kikao. Miezi ile neno mhujumu lilikuwa jepesi mdomoni. Kitu cha umma kikiharibika lazima apatikane mtu. Ikasemwa kwamba Wambura aliendesha injini bila oili, kwamba oili aliiuza kichochoroni. Mgambo wakamchukua kidonda hakijakauka. Walimweka ndani wiki kadhaa, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Mkewe alikuwa amesharudi kwao. Kazi imekwenda. Kilichobaki ni jina walilompa, Mkavu, kwa ajili ya injini wanayosema aliikausha.

Baba yako ndiye aliyeitwa kuifungua injini. Alirudi na vipande ndani ya gunia, akaviweka hapa mezani ninapoandikia.

"Tazama hapa," akasema. "Hapa peupe, ndipo palipovunjika juzi. Na hapa peusi. Peusi hapavunjiki kwa siku moja, Mama Magesa. Hapa palikuwa pameshapasuka, oili imeingia siku nyingi."

"Labda ni moto wa injini."

"Uzi ulipita?"

"Ulipita."

"Ulipita mara ya kwanza?"

Nikainuka kwenda kuangalia sufuria.

Hakunifuata. Nikamsikia anatoka na gunia, na kitu kizito kikaanguka chooni. Hakusema neno kwa mwenyekiti, hakusema kwangu, hakusema mpaka tunamzika. Alinilinda, nami nikamwacha anilinde. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa mtoza ushuru, na mimi nilimfanya akae kimya juu ya mkono wa mtu.

Siku ile ya maziko ulisimama mbele ya watu ukasema baba yako alikuwa mwangalifu kuliko mafundi wote, kwamba kila chuma nilichomaliza alikitoa nje juani akakipima tena kwa ukucha wake kabla ya kukifunga. Watu wakaitikia, wengine wakalia. Mimi nililia kuliko wote, na wewe ukanishika bega. Kabla ya konrodi ile hakuwa akipima. Nikisema kimenyamaza alikifunga, basi. Ulichokiona miaka yote hiyo haukuwa uangalifu. Baba yako alikuwa ameacha kuniamini. Aliendelea kunipenda, sikatai, alininunulia hata cherehani. Lakini kila jioni alitoka na chuma changu juani, na kila jioni nilisikia ukucha wake ukikwaruza, na sikuwa na haki ya kumwambia aache.

Sasa kuhusu Wambura na wewe. Ulikuwa na miaka tisa hivi. Tulikuwa tumeshuka Kiabakari kubadilisha gari, naye akaja na beseni la nyanya kichwani, amelishika kwa mkono uliobaki. Watoto wa pale wakaimba Mkavu, Mkavu, na wewe ukaimba nao, ukaruka ruka. Wambura hakukukasirikia. Akaweka beseni chini, akanifungia nyanya kwenye gazeti kwa mkono mmoja na meno.

"Mtoto hana kosa, mama," akasema. "Anaimba alichokikuta. Lakini mimi nilitiaga oili. Kila asubuhi nilitiaga."

Hakujua mimi ni nani. Huwaambia hivyo watu wote, hata wasiomuuliza. Watu wamegeuza kuwa mzaha: mtu akibisha jambo lililo wazi, wanamwambia "haya, ulitiaga oili." Wewe mwenyewe umesema hivyo mezani hapa, nami nikacheka. Nilicheka, Magesa. Siku ile Kiabakari nilikuwa na nafasi kubwa kuliko zote. Alikuwa mbele yangu, hatua moja, anangoja nimjibu. Nikamwambia, "Mambo ya Mungu, baba." Nikamsingizia Mungu, nikapanda gari.

Nilikuchapa siku ile tulipofika nyumbani, unakumbuka? Ulidhani nakuchapa kwa kumkosea heshima mlemavu. Nisamehe kwa fimbo zile. Hazikuwa zako.

Halafu ruksa ya biashara ikaja. Sabuni za rangi zote, mitumba, redio, na spea kutoka ng'ambo ya Sirari ndani ya maboksi yenye picha. Mafundi wakaacha kuja kwangu, na kusema kweli nilishukuru. Nikadhani kazi ile imekufa na dhambi yangu itazikwa nayo. Nilianika mihogo, nikashona, nikanenepa. Sikujua kwamba kazi ya kung'arisha ingerudi kwa mlango wa nyuma. Zamani tulimwambia mtu waziwazi: hiki ni cha zamani, nimekisugua. Siku hizi kinasuguliwa, kinapakwa grisi, kinaviringishwa karatasi ya nta na kuingizwa kwenye boksi la kipya.

Tajiri wako, huyo mwenye duka la spea, alipokuja kutoka Musoma kukuomba kwangu, alikaa kwenye kiti cha baba yako akanywa chai yangu. Ulikuwepo. Alisema, "Mama, mimi siajiri kijana, naajiri jina lako. Mteja akisikia kitu kimepita nyumba ya Mama Magesa, boksi hata hafungui." Ulifurahi mpaka masikio yakasogea. Mimi nikajiuliza. Kwa nini mteja asifungue boksi, kama ndani kuna kitu kipya?

Na juzi ukaleta ile konrodi aliyokupa ya kuanzia kazi, ya boti ya abiria wa visiwani. Nilikutazama ukisugua. Una mkono mwepesi, una subira ambayo mimi sikuwa nayo. Nikaona raha, nakwambia kweli, mpaka nilipochukua uzi nikauburuta na ukakatika. Karibu na tundu la boliti, baba. Palepale.

Nikakuambia, "Hii ina ufa. Mrudishie."

Ukasema, "Pitisha jivu tena, mama. Itanyamaza tu."

Nikapiga kelele kama nimeungua. Ulishangaa, ukasema tajiri atakuona mshamba, siku ya kwanza tu unarudisha kazi. Ukasema kila mtu anafanyaga hivyo, ukasema wenye boti wenyewe wanajuaga. Kisha ukauliza lile swali lako. Nimekujibu sasa, na nimechelewa kwa siku mbili, na kwa miaka kumi na mitano.

Ile boti sijaiona lakini nimepanda kama hizo. Asubuhi ziwa lina baridi, na watu wenye watoto wadogo hukaa wameizunguka injini waote joto lake.

Konrodi iko kwenye begi lako, chini ya mashati, ulipoificha nisiione. Leo mchana ulipokwenda kunyoa niliitoa nikaipima. Uzi umepita, kwenda na kurudi. Mimi ilinichukua siku mbili, wewe asubuhi moja. Nimeirudisha nilipoitoa. Siwezi kukuambia uitupe chooni. Ya kwanza tuliitupa huko, na haikutusaidia kitu. Wala sitakuamuru, maana mimi si mtu wa kukuamuru katika jambo hili hata kidogo. Ninachotaka ni kwamba usije ukasema hukujua. Mimi nilikuwa na vya kusingizia: njaa, wanawake watatu, nchi nzima imekauka. Zote zilikuwa kweli. Na mkono wa Wambura haukuota.

Kesho asubuhi hutanikuta. Nitapanda gari la kwanza, wewe panda lako la saa mbili kama tulivyopanga. Nikipanda nawe gari moja, utanitazama, na mimi nitapita Kiabakari nimekaa kitini nikisema nitashuka siku nyingine. Nitashuka Kiabakari, nitakwenda Butiama kwa miguu kama gari hakuna, nitamtafuta Wambura kwake. Kwanza nitamwambia yeye peke yake. Kisha nitamwomba anipeleke kwa mwenyekiti, ili niyaseme mbele ya watu wale wale waliokaa kikao. Akinifukuza nitakaa nje ya boma lake. Akinipiga, ana haki, na ana mkono mmoja tu wa kunipigia, kwa sababu yangu. Naogopa, Magesa. Sijui watanifanya nini, sijui polisi wana la kusema juu ya jambo la zamani namna hii, sijui kama shangazi yako atanisalimia tena. Ninajua tu kwamba mtu yule amesema kweli miaka kumi na mitano mbele ya watu wanaocheka, na katika Mara nzima ni mimi na marehemu baba yako tu tuliojua kwamba anasema kweli.

Na hapa ndipo ninapokuumiza wewe. Kazi uliyopata umeipata kwa jina langu. Kesho nalivunja kwa mkono wangu mwenyewe, siku ile ile unayokwenda kulitumia. Habari ya namna hii haitangoja wiki. Hadi Jumatano itakuwa imefika Musoma, dukani kwako, imeongezewa chumvi. Nilifikiri nisubiri mwaka mmoja ujijenge kwanza. Nikagundua kwamba ndivyo nilivyofikiri kila mwaka, kila mara kwa ajili ya mtu fulani ninayempenda. Nisamehe. Na usiponisamehe, nitakuelewa, ila ule chakula nilichokuachia.

Nasikia vicheko vyako kwa jirani, unakuja. Namalizia.

Tajiri wako akisikia nilichofanya akakufukuza, basi ni mtu mwoga wa kawaida, njoo nyumbani, tutatafuta kazi nyingine. Lakini akisikia yote, akajua mama yako aliuzibaje ule ufa na nini kilimpata Wambura, kisha akakuambia ubaki, tena akakuongezea kazi, basi anachonunua ni mkono wa kuziba nyufa; ufungashe begi lako siku hiyo hiyo, mwanangu, wala usimuage.

Ni mimi mama yako,
Mama Magesa